Tanuri la Uani: Somo la Kusubu Alumini kwa Anayeanza

Pistoni ya pikipiki iliyochakaa huuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na kwa mwenye nyumba habari yake huishia hapo. Lakini pistoni hiyo hiyo, ikitiwa katika chungu cha chuma ndani ya tanuri dogo la udongo, huyeyuka ikang'aa kama zebaki, na siku hiyo hiyo yaweza kugeuka mpini wa droo, puli ndogo ya kamba au herufi za kupachika mlangoni. Kazi hiyo huitwa kusubu, yaani kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu ili igande kwa umbo linalotakiwa. Wapo wakazi, hasa vijana wa ufundi, walimu wa sayansi na wastaafu ambao mikono yao haipendi kukaa bure, wanaotamani kuijaribu nyumbani kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha. Makala haya yameandaliwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya majirani zao pia, maana kosa la anayesubu halimdhuru yeye peke yake.

Moto hauhitaji maelezo marefu, kwa sababu kila mtu anauogopa tangu utotoni. Kinachomnasa anayeanza ni maji. Tanuri lisilokauka, kalibu iliyoloa, kipande cha chuma chakavu kilicholala nje usiku wa mvua, hata koleo lenye umande, kila kimoja chaweza kurusha metali ya moto usoni mwa fundi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili inahusu ukavu.

Kuyeyusha si kufua

Nchi yetu si ngeni katika kazi ya tanuri. Huko Ufipa, mkoani Rukwa, wahenga walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yenye urefu wa karibu mita 3, ambayo yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kuvukuta. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto. Huko Buhaya, mkoani Kagera, ufuaji wa chuma una historia ya takriban miaka 2,000. Katika miaka ya 1970 wazee waliokumbuka kazi hiyo waliwajengea watafiti tanuri la asili, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo yake katika jarida la Science.

Hata hivyo, yafaa kutofautisha kazi hizo mbili. Wahenga hao hawakumimina chuma. Walikitoa kwenye mawe yenye madini kikiwa donge zito lenye matundu, kisha wakalifua kwa nyundo. Chuma halisi huyeyuka kikawa majimaji kwenye nyuzijoto zipatazo 1,538 za Selsiasi, na joto hilo si la kutafutwa uani. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, na mkaa wa kawaida ukipulizwa vizuri huvuka nyuzijoto 1,000 bila taabu. Ndiyo maana alumini ni mwalimu mwema wa kwanza. Shaba, inayohitaji nyuzijoto 1,085, na isubiri mwaka wa pili.

Jambo moja la wahenga lingali na manufaa makubwa: udongo wa kichuguu. Mchwa hukusanya udongo mwembamba wenye mfinyanzi mwingi, ambao hushikamana vizuri na kuvumilia joto. Anayeanza hana haja ya kununua simenti maalumu ya matanuri wakati kichuguu kipo shambani.

Nguvu ya kijiko kimoja cha maji

Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Kijiko kimoja cha chai, chenye mililita 5, huzaa zaidi ya lita 8 za mvuke. Maji hayo yakiwa juu ya metali iliyoyeyuka, mvuke hupanda hewani kwa kelele na hasara huwa ndogo. Yakiwa chini yake, mvuke hauna njia ila kuipasua metali na kuirusha. Alumini hiyo inakuwa na joto la nyuzijoto zaidi ya 700, hivyo hushika ngozi na kuendelea kuunguza hata baada ya kuonekana imeganda.

Hapo ndipo yanapotoka makatazo yote ya kazi hii. Kipande cha chuma chakavu hakitumbukizwi katika chungu chenye metali iliyokwisha kuyeyuka kabla hakijapashwa juu ya kinywa cha tanuri, kwa sababu unyevu hujificha katika nyufa na matundu ya skrubu. Koleo, upawa na fimbo ya kukorogea hupashwa vilevile. Makopo yaliyofungwa, shokamzoba na kitu chochote chenye uwazi ndani havitiwi kabisa katika tanuri, kwa kuwa vyaweza kuwa na mafuta, maji au gesi iliyobanwa. Wala metali haimiminwi juu ya sakafu ya zege. Wengi hushangaa wanaposikia hivyo, kwa kuwa zege huonekana kavu. Lakini ndani yake hubaki maji miaka yote, na joto la ghafla hulifanya litoe vipande kwa kishindo. Mahali pa kumiminia hutandazwa mchanga mkavu wenye kina cha sentimita 10, na mchanga huo ndio utakaopokea metali ikimwagika.

Wakati wa masika kazi hii huahirishwa. Paa la bati lisilo na kuta hukinga mvua ya kawaida, lakini haliwezi kuzuia manyunyu yanayosukumwa na upepo. Kuna mafundi hodari wanaoweza kufanya kazi katika hali hiyo. Anayeanza si mmoja wao.

Kujenga tanuri

Ndoo ya chuma ya lita 20, kama zile za rangi, hutosha. Rangi na mabaki yake huchomwa kwanza mahali pa wazi, mbali na watu. Kisha ndoo hutobolewa matundu madogo kumi hivi kwa msumari, yaliyotawanyika ubavuni, ambayo faida yake itaonekana baadaye.

Udongo wa kichuguu hutwangwa na kuchekechwa. Sehemu mbili za udongo huchanganywa na sehemu moja ya vigae au matofali ya kuchoma yaliyopondwa, pamoja na nusu sehemu ya vumbi la mbao. Vigae hupunguza kusinyaa na nyufa. Vumbi la mbao litaungua baadaye na kuacha vitundu vinavyozuia joto lisipotee na kuupa mvuke njia ya kutokea. Maji hutiwa kidogo tu, mpaka mchanganyiko ushikamane ukifinyangwa bila kunata mikononi. Udongo mlaini ni rahisi kukandika lakini husinyaa vibaya ukikauka, na wengi hulipia uvivu huo kwa kujenga mara ya pili.

Kitako hushindiliwa kwa kina cha sentimita 6. Katikati husimamishwa kopo au gogo lenye kipenyo cha sentimita 16 au 17, na udongo hushindiliwa kulizunguka kwa matabaka. Ukuta hupata unene wa sentimita 6 hivi. Bomba la hewa lenye kipenyo cha sentimita 4 huingia sentimita 5 juu ya kitako, likielekezwa pembeni badala ya katikati, ili upepo uzunguke ndani ya tanuri kama maji katika beseni. Upepo ukipiga chungu moja kwa moja, upande mmoja hulika mapema. Mfuniko hutengenezwa kwa udongo huo huo ndani ya pete ya bati nene, ukiwa na tundu la sentimita 6 katikati.

Sasa huja kazi ngumu kuliko zote, yaani kusubiri. Tanuri hukaa kivulini siku 10 hadi 14, kwa kuwa jua kali hukausha uso na kufungia maji ndani. Kisha huwashwa moto mdogo wa mkaa bila kupulizwa, saa mbili au tatu kwa siku, siku tatu mfululizo. Mwishoni mwa kila moto, kipande cha kioo baridi husogezwa karibu na matundu yaliyotobolewa kwenye ndoo. Kioo kikifanya ukungu, maji bado yanatoka, na tanuri halijawa tayari. Nyufa nyembamba zitakazoonekana huzibwa kwa udongo ule ule na kukaushwa upya. Tanuri lililokaa wiki kadhaa bila kutumika hurudishiwa moto mdogo kwanza, hasa kama mvua ilinyesha.

Kwa hewa, mvukuto wa mkono au feni ndogo ya kuzungusha kwa mkono hutosha. Feni ya umeme hurahisisha kazi, ila nyaya zake zisipite mahali anapotembea mtu mwenye chungu.

Chungu na kinachotiwa ndani yake

Chungu rahisi ni kipande cha bomba la chuma lenye ukuta wa milimita 5 au 6 na kipenyo cha sentimita 9 hivi, kilichochomelewa kitako imara. Kopo la maziwa au la rangi halifai hata kwa majaribio. Alumini ya moto huila metali ya kopo kidogo kidogo, na siku moja kitako huachia wakati chungu kinainuliwa. Bomba lililopakwa zinki halifai pia. Chungu hupakwa uji wa udongo ndani, hukaushwa, na hukaguliwa kabla ya kila matumizi. Lita moja ya alumini iliyoyeyuka ina uzito wa karibu kilo 2.4, anayeanza asizidi nusu lita.

Katika uchaguzi wa metali, asili ya kitu ni muhimu kuliko mng'ao wake. Pistoni, vifuniko vya injini na rimu za alumini zilisubiwa kiwandani kwa alumini iliyochanganywa na silikoni, inayotiririka vizuri na kujaza pembe za kalibu. Makopo ya soda, ambayo kila mtu huyakimbilia kwa kuwa ni ya bure, ni membamba mno. Sehemu kubwa huungua na kuwa mavi ya chuma kabla haijayeyuka, na kinachobaki hujaza kalibu vibaya.

Baadhi ya vifuniko vya mashine ndogo ni vya magnesiamu, metali inayoshika moto mweupe usiozimika kwa maji. Hutambulika kwa wepesi wake, na tone la siki kwenye sehemu iliyokwanguliwa hutoa viputo mara moja. Kitu cha namna hiyo huwekwa kando. Ikitokea kimeshika moto, hufunikwa kwa mchanga mkavu na watu husogea mbali.

Vitu vyenye zinki, kama mabati na koki za shaba ya njano, hutoa moshi mweupe katika joto kali. Anayeuvuta hupata homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye, na kwa kuwa dalili hizo zinafanana na za malaria, huenda akatafuta dawa isiyohusika. Hatari kubwa zaidi ni risasi, inayopatikana katika betri za magari. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, hata juu ya jiko la kupikia, na urahisi huo ndio mtego wake. Vumbi lake hubaki katika udongo wa uani wanakochezea watoto, nalo hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi katika damu ya mtoto kuwa salama. Betri haivunjwi nyumbani, kwa burudani wala kwa biashara.

Kwa sababu hiyo hiyo, anayejifunza nyumbani asisubu sufuria, upawa wala kikombe. Chuma chakavu huchanganyika njiani, na hakuna jicho linaloweza kuona risasi iliyomo ndani ya alumini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu nchini Kamerun ulikuta risasi ikitoka kwenye sufuria na kuingia katika kimiminika kichachu kilichochemshwa ndani yake. Nyanya, ndimu na ukwaju ni vichachu pia. Mpini wa droo hauli mtu.

Kalibu ya mchanga

Msomaji makini atauliza: ikiwa maji ni adui, mbona kalibu hutengenezwa kwa mchanga wenye unyevu? Jibu ni kwamba unyevu huo ni mdogo sana na umetawanyika kati ya punje, hivyo mvuke hupata njia elfu za kutoka. Hatari huanza pale maji yanapozidi, au mchanga unaposhindiliwa mpaka ukaziba.

Mchanga wa mto huchekechwa kwa chekecheo la unga. Sehemu kumi za mchanga huchanganywa na sehemu moja ya udongo wa mfinyanzi uliokaushwa na kutwangwa. Kwa kila kilo 10 za mchanganyiko hunyunyiziwa mililita 300 hadi 400 za maji, kisha hufunikwa usiku kucha ili unyevu usambae. Kipimo cha mwisho ni kiganja. Mchanga ukiminywa hushikamana na kuonyesha alama za vidole. Ukivunjwa hukatika kwa ukingo mkali. Na kiganja hubaki kikavu. Kiganja kikilowa, mchanga huanikwa. Anayechekecha na kutwanga hufunga kitambaa puani, au bora zaidi barakoa, kwa kuwa vumbi la mchanga huumiza mapafu kwa miaka mingi kabla ya kujulikana.

Mfano wa kitu kinachotakiwa huchongwa kwa mbao. Kwa kuwa alumini husinyaa ikipoa, kitu cha milimita 100 huchongwa kwa milimita 101.3. Kingo zake huachwa na mteremko mdogo ili mfano utoke bila kubomoa mchanga. Kwa kazi ya kwanza, namba au herufi bapa inafaa sana, ilimradi isichukue nafasi ya kibao rasmi cha anwani ya makazi. Mfano huwekwa kati ya fremu mbili za mbao zilizojazwa mchanga, zikitenganishwa na poda laini. Fremu hufunuliwa, mfano hutolewa, na hukatwa tundu la kumiminia pamoja na tundu la pili la kutolea hewa na kuhifadhi metali ya akiba. Sindano ndefu au spoku ya baiskeli hutumiwa kutoboa njia za mvuke karibu na umbo bila kuligusa.

Siku ya kumimina

Watu wawili ni idadi nzuri, mmoja akimimina na mwingine akitazama. Watoto na mifugo huondolewa uani. Fundi huvaa ngao ya uso juu ya miwani ya kinga, glovu ndefu za ngozi, nguo za pamba au jinzi, na buti za ngozi ambazo suruali inazifunika kwa nje. Nailoni huyeyukia mwilini, na ndara hazina nafasi hapa. Kazi hufanyika mahali pa wazi, kamwe si ndani ya chumba wala banda lililofungwa, kwa sababu hewa ya mkaa huua bila harufu.

Rangi ya metali humdanganya anayeanza. Chuma hung'aa chekundu kikipata joto, lakini alumini hubaki na weupe wa fedha mchana hata ikiwa imeiva. Fimbo ya chuma iliyopashwa huzamishwa. Metali ikiing'ang'ania, bado. Ikiteleza na kuiacha safi, iko tayari. Haichochewi zaidi ya hapo, kwa kuwa alumini iliyopitiliza hunyonya haidrojeni kutoka kwenye unyevu wa hewa na kuganda ikiwa na vitundu kama mkate. Mavi ya chuma yaliyo juu hukusanywa kwa upawa mkavu na kuwekwa kwenye mchanga.

Kumimina huenda kwa mkondo mmoja usiokatika, mdomo wa chungu ukiwa karibu na tundu, mpaka metali itokee kwenye tundu la pili. Fundi hasimami mbele ya kalibu wala hainamii tundu. Metali iliyobaki humiminwa katika kikombe cha chuma kilichopashwa, kwa sababu ikigandia ndani ya chungu huweza kukipasua katika moto unaofuata. Kalibu huachwa angalau nusu saa. Hamu ya kufunua mapema ni kubwa, na vidole vingi vimejua hivyo.

Kitu cha kwanza mara nyingi hutoka na kasoro. Pembe isiyojaa huonyesha metali baridi au mkondo wa polepole. Vitundu vinavyong'aa ni dalili ya mvuke. Mchanga ulioganda ndani hutokana na kalibu iliyobomoka. Kila kasoro huandikwa daftarini pamoja na kipimo cha maji cha siku hiyo, kisha kitu hurudishwa chunguni.

Maji hayamwagwi juu ya metali iliyoyeyuka, hata ikiwa imemwagika. Ndoo ya mchanga mkavu na koleo la kuchotea hukaa karibu wakati wote. Aliyeungua hupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, dawa ya meno wala mafuta. Kitu kilichogandia ngozini haking'olewi, bali mgonjwa hupelekwa zahanati au hospitali. Jicho likiguswa, safari ni ya hospitali moja kwa moja. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa kwa namba 114.

Kabla ya kujenga, mkazi na amwone Mtendaji wa Kata au Afisa Afya kuhusu moshi na umbali wa nyumba za jirani, na anunue chuma chakavu kwa mtu anayeweza kueleza kilikotoka. Nyaya za umeme na vipande vya reli havina maelezo ya kuridhisha. Atakayependa kuendelea aulize nafasi za mafunzo katika chuo cha VETA, au ushauri kwa SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973. Akianza kuuza anachosubu, atahitaji leseni ya biashara. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vyaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na maelezo ya masharti hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.